Kutambua Miungu wa Kigiriki Katika Michongo ya Kameo: Suala la Alama na Istilahi

Kameo ni jiwe au gamba lililochongwa hata sura ikatokeza juu ya ardhi yenye rangi nyingine. Wachongaji wa kale wa Ugiriki na Rumi walitumia mawe yenye matabaka. Gemma Augustea, kazi ya oniksi ya mwanzoni mwa karne ya 1 iliyohifadhiwa Vienna, ni mfano mashuhuri. Tangu karne ya 19 mji wa Torre del Greco, karibu na Napoli, umesifika kwa kameo za magamba. Mojawapo ni gamba la kome mkubwa aitwaye kitaalamu Cypraecassis rufa, apatikanaye pia katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki. Magamba yake yalipelekwa Italia kwa kazi hiyo. Sura huchongwa katika tabaka jeupe, na tabaka la rangi ya machungwa likabaki kuwa ardhi yake. Basi gamba limetoka kwetu, ilhali visasili vimetoka kwingine, na Kiswahili hakina budi kuvieleza.

Tuseme mwalimu aishiye Kabiria, magharibi ya Nairobi, ameonyeshwa bizimu la kameo na mwanafunzi wake, naye anaulizwa: "Huyu ni nani?" Jibu la haraka ni "malkia" au "malaika". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu sahihi hutoka katika alama, na kwamba jina lapasa kufuata maelezo, si kuyatangulia.

Uso hausaidii sana, kwa maana wachongaji aghalabu waliwapa miungu wote uzuri wa namna moja. Alama ndizo zipambanuazo. Athena huvaa kofia ya chuma, na pengine kifuani pake pana kichwa cha Medusa chenye nyoka badala ya nywele. Hermes ana kofia yenye mabawa na fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili. Artemis ana mwezi mwandamo juu ya paji la uso, au upinde na podo. Demeter hujulikana kwa masuke ya ngano. Dionysos na wafuasi wake wa kike kwa majani ya mzabibu.

Hata hivyo, alama moja haitoshi. Tai ni ndege wa Zeus. Lakini msichana amnyweshaye tai ni Hebe, na mvulana aliye pamoja na tai ni Ganymede. Ngozi ya simba ni vazi la Herakles; ikivaliwa na mwanamke, huyo ni Omphale, malkia wa Lydia, ambaye Herakles alimtumikia. Hapa ndipo sarufi yetu inapodai uangalifu. Upatanisho wa Kiswahili hautenganishi mume na mke: "anamnywesha tai" yaweza kumhusu Hebe au Ganymede. Kwa hiyo mwelezaji hana budi kutaja wazi "msichana" au "mvulana", la sivyo sentensi iliyo sahihi kisarufi itamficha mhusika.

Tatizo la pili ni la istilahi. Mtoto mwenye mabawa huitwa "malaika" kwa wepesi. Lakini malaika, kwa msemaji wa Kiswahili, ni mjumbe wa Mungu mmoja. Eros ni mungu wa mapenzi. Vivyo hivyo kumwita Medusa "jini" ni kumwingiza katika itikadi ambayo Wagiriki hawakuijua. Psyche naye ana mabawa ya kipepeo kwa sababu neno moja la Kigiriki lilimaanisha roho na kipepeo pia. Kiswahili kina maneno mawili mbali mbali. Tafsiri peke yake haitoshi, sharti maelezo yaongezwe.

Yapendekezwa, basi, utaratibu wa hatua tatu: kwanza jinsia na umri wa mhusika, pili alama zote zionekanazo, tatu jina la asili pasipo kubadilishwa. Mathalani: "Kichwa cha mwanamke aliyevaa ngozi ya simba, Omphale." Msomaji akilikataa jina, maelezo yatabaki na faida yake. Bali akiandikiwa "malaika" pekee, hataweza kuipata hadithi, na kisasili kizima kitakuwa kimepotea kwa neno moja.