Mwanamalundi avuka Sirari

Vijana wawili walipita mbele ya meza yangu wamejivika kama Spider-Man, mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Yule mwekundu akarudi, akanyanyua kitabu changu kwa vidole viwili kama anayekagua dagaa, akatazama jalada. Pale jaladani kuna mzee mrefu kanyoosha mkono, na nyuma yake msitu umekauka wote.

"Huyu nguvu yake ni gani?"

"Akiunyooshea mti kidole, unakauka."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni adui."

Nilikosa jibu. Sisi tuliokulia Ushetu, mkoani Shinyanga, Tanzania, tumelisikia jina la Mwanamalundi kabla ya kujua kusoma, na haijawahi kunijia kwamba mtu anaweza kuuliza yeye yuko upande gani. Mwanamalundi ni Mwanamalundi. Kijana akakirudisha kitabu taratibu, akamfuata mwenzake. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kwanza, na nilikuwa sijauza hata nakala moja.

Hapo ni Nairobi, kwenye tamasha la katuni ambalo wenyewe wanaliita NAICCON. Kwa asiyejua, ni ukumbi uliojaa meza, kila meza na mchoraji wake au kikundi chake, na kati ya meza wanapita watu waliojivika mavazi ya mashujaa wa filamu na wa katuni za Kijapani. Mchoraji ndiye mwandishi, ndiye mchapishaji, ndiye muuzaji. Mtindo huu umeenea duniani. Huko San Diego, Marekani, walianza mwaka 1970 na watu wapatao mia tatu tu. Tokyo walianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya wachoraji, na leo tamasha lao linavuta watu kwa malaki.

Mimi kazi yangu ni kuchora mabango. Nyamilangano, yaliko makao makuu ya halmashauri yetu, ukiona ng'ombe mwekundu mlangoni mwa bucha au dada mwenye nywele ndefu ukutani mwa saluni, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Kazi hii inafuata tumbaku. Malipo ya tumbaku yakitoka, kila duka linataka jina jipya. Yakichelewa, nakaa na rangi zangu zinakauka kwenye makopo. Mwaka mmoja yalichelewa, nikapata muda wa kuchora kurasa 24 za Mwanamalundi.

Huyu mtu wa miujiza wa Usukumani alizaliwa akiitwa Igulu Bugomola. Alifariki mwaka 1936 na kaburi lake liko Seke, Kishapu. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walimkamata wakamfunga kwa kuhofia nguvu zake, na kwamba alikuwa mchezaji ngoma hatari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hilo la ngoma nililipa ukurasa mmoja tu. Lilikuja kuniumbua baadaye.

Uchapaji niliufanyia Kahama, kwenye banda la stesheneri ambalo silitaji. Nakala 120. Nilipofungua boksi nikakuta mashine ya kukatia karatasi imekula ukingo wa chini, na pamoja nao mstari wa mwisho kwenye viputo vya maneno, katika nakala arobaini na kitu. Kosa la nani, tulibishana mpaka jioni. Ukweli ni kwamba niliandika karibu mno na ukingo. Mtu wa mabango hajui ukingo, ukuta hauna mashine ya kuukata. Kwa hiyo kutoka Mwanza mpaka mpakani Sirari nilikuwa kwenye kiti cha basi na kalamu ya wino, najaza maneno yaliyokatwa, barabara ikiniyumbisha. Kuna nakala ambazo Mwanamalundi anaongea kwa mwandiko wa mlevi.

Jambo la kwanza nililokosea ukumbini ni kukaa. Niliketi nyuma ya meza, vitabu nimevipanga kama matofali, nikasubiri. Hivyo ndivyo katuni zilivyonijia mimi utotoni: zilikuwa zinasubiri. Kinyozi wetu alikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya *Sani*, mengine hayana jalada, na ulikuwa ukikaa kwenye benchi unasoma Madenge, Ndumilakuwili na Lodi Lofa mpaka unasahau kama zamu yako imepita. Jina lenyewe la gazeti lilitoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, kila mmoja akatoa silabi yake. Philip Ndunguru, aliyewapa wahusika wale sura zao, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado, na sisi tuliozaliwa baadaye tuliendelea kucheka na watu wake bila kujua kwamba hayupo. Kabla yao, tangu 1967, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga kwenye gazeti la *Uhuru*. Hakuna hata mmoja kati yao niliyewahi kumwona akiuza. Gazeti lilibebwa na basi, likafika.

Kwenye meza hakuna basi. Mtu anapita hatua moja kutoka puani pako, anakutazama, anatazama kazi, anatazama tena uso wako, na anaamua. Wengi wanaamua kuendelea na safari.

Meza ya jirani alikuwepo binti wa Nairobi aliyeuza stika na vitabu vidogo. Watu walijaa kwake mpaka wakawa wananifunika mimi. Nilianza kuona kijicho, halafu nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshaiona hali hii mahali. Usukumani, mavuno yakiisha, mwezi wa sita na wa saba, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana kwenye uwanja mmoja. Hawapokezani zamu. Wanacheza wakati mmoja, kundi hili upande huu na kundi lile upande ule, na watu ndio wanaohama. Manju wa huku akipandisha wimbo, umati unamkimbilia. Wa kule akitoa chatu au fisi, umati unageuka mbio, vumbi tupu. Aliyejaza watu ndiye mshindi. Dawa ya kuvuta watu ipo, inaitwa samba, na wapo wanaoapa kwamba bila hiyo hupati hata mbwa wa kukutazama.

Mimi samba sikubeba. Nilisimama. Nikachukua karatasi kubwa niliyofungia vitabu, nikaibandika kwenye ubao nyuma yangu, nikaanza kuchora kwa brashi ya mabango, mkono mzima, mistari minene, kama niko juu ya ngazi Nyamilangano. Dakika tano wakasimama wawili. Nilipofika kwenye mkono ulionyooshwa walikuwa kama kumi na tano. Mama mmoja akaniuliza kama naweza kumchora mwanawe akinyooshewa kidole na yule mzee. Nikamchora mtoto nywele zimemsimama kama mahindi yaliyokosa mvua. Shilingi mia mbili za Kenya. Nyuma yake ikajipanga foleni.

Hapo nikapata tabu nyingine ambayo sikuifikiria kabisa. Nilitembea na chenji mfuko mzima, na hakuna aliyeitaka. Kila mtu ananiuliza, "Till namba?" Nairobi hata wa karanga wanalipwa kwa simu, na laini yangu ni ya Tanzania. Wateja watatu nikawaona wanaondoka hivihivi. Yule binti wa jirani, ambaye dakika chache kabla nilikuwa nahesabu wateja wake kwa uchungu, akageuza kibao chake cha Till kikatazama katikati ya meza zetu. "Walipe kwangu, tutahesabiana jioni." Jioni akanihesabia noti mpaka ya mwisho, na akachukua kitabu kimoja. Alichagua chenye mwandiko wa basini.

Lugha nayo ilinigawia wateja. Vijana walifungua, wakaona Kiswahili kitupu, wakauliza kama kuna cha Kiingereza. Lakini alikuja baba wa makamo, kaletwa na wanawe, anatembea kama mtu aliyepotelea hospitali. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akasema hajasoma katuni ya Kiswahili tangu Juha Kalulu, ambaye Edward Gitau alimchora kwa miaka mingi sana kwenye *Taifa Leo*. Alinunua nakala tatu. Halafu akaniambia, kwa upole wa mtu aliyeshalipa, kwamba Kiswahili chetu ni kizuri lakini watu wangu wanaongea mno. Ni kweli. Nilirudia kukisoma kitabu usiku ule gesti na nikaona kurasa ambazo picha ilishasema, mimi nikaongeza maneno juu yake kwa hofu tu.

Kwa siku zote nilizokaa niliuza vitabu 37. Michoro ya papo hapo iliuzwa zaidi ya vitabu, na ndiyo iliyolipa gesti, chakula na nauli. Ada ya meza haikurudi. Wenye uzoefu waliniambia mara ya kwanza hairudi. Sijui kama ni faraja au ni onyo.

Vilivyobaki nilivitandika mnadani, kwetu Ushetu, kwenye turubai kati ya muuza viatu vya mitumba na muuza mikanda. Mzee mmoja wa kofia ya pama akasimamisha baiskeli. "Mwangaluka," nikamwamkia. Akaitikia, akachukua kitabu, akakisoma chote wima, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Kwenye ukurasa wa ngoma akarudi mara mbili.

"Umempunja hapa," akasema. "Huyu alikuwa mcheza ngoma. Hayo mengine yalifuata."

Akafunga, akatazama jalada kwa muda.

"Na mkono, mwanangu, siyo hivyo. Huu umeuchora kama trafiki."

Akaegemeza baiskeli kiunoni, akaunyoosha mkono wake mwenyewe, kiwiko kimelegea, kidole kikielekea mwembe ulio ng'ambo ya zizi la ng'ombe. Muuza mikanda akageuka kuutazama. Na mimi nikageuka.