Doriani la Bibi na Asumini ya Roshani



Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tumekaa katika fleti ya mwenzetu karibu na Wolmarans Street. Mazungumzo yalianza kwa kodi ya nyumba na makaratasi ya ukaazi, kama kawaida yetu, kisha yakahamia kwenye matunda bila ya mtu kujua yamefikaje huko. Mmoja alitaja mabungo. Wa pili akataja shokishoki. Wa tatu, mzaliwa wa Lamu, akaapa kwamba embe za kwao hazina mfano. Ndipo mtu pembeni aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Doriani." Wazanzibari wote wakanyamaza. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu wao walicheka, kwa kuwa walikuwa wakilijua tunda hilo kwa sifa ya harufu yake tu.

Watoto wetu waliozaliwa hapa walituuliza ni kitu gani hicho. Tulijaribu kueleza. Tulisema kwamba ni tunda kubwa lenye miba mikali, ambalo ukilipasua hukuta vyumba vitano, na katika kila chumba kokwa zilizovikwa nyama laini ya rangi ya siagi. Kuhusu ladha yake kila mmoja wetu alitoa mfano wake, na hakuna mifano miwili iliyolingana. Kuhusu harufu hapakuwa na ubishi. Singapore imelipiga marufuku ndani ya treni zake. Mwaka 2018 huko Melbourne mamia ya watu walitolewa katika maktaba ya chuo kikuu kwa hofu ya gesi iliyovuja, kumbe ni doriani lililoozea kabatini. Mtume (S.A.W.) aliwataka waliokula kitunguu thaumu kibichi wasiukaribie msikiti mpaka harufu iwaondoke, na mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba doriani nalo laingia katika hukumu hiyo. Sisi si mashekhe. Twasema tu kwamba yeye mwenyewe hajala doriani kwa miaka kumi na minne, na maoni yake hayawezi kuwa na upendeleo.

Asili ya mdoriani ni visiwa vya Borneo na Sumatra. Ulifika Unguja na Pemba kwa njia ya bahari, kama ulivyofika mkarafuu na mingine mingi tuionayo leo kuwa ya kwetu tangu na tangu. Kwa hiyo mti wenyewe nao ni mhamiaji. Ulibahatika kushukia mahali penye joto na mvua kama za kwao, nao ukakubali.

Kilichotufanya tuandike makala haya, hata hivyo, si mazungumzo ya jioni ile. Ni Bibi.

Bibi alikuwa mzaliwa wa Pemba, mama mzazi wa mwenzetu mmoja. Aliletwa hapa kwa ajili ya matibabu, akakaa na bintiye katika ghorofa ya saba ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla yeye hajafika. Kwa mtu wa umri wake, na miguu iliyovimba, ghorofa ya saba isiyo na lifti ni kisiwa. Miezi ikapita hajakanyaga ardhi. Bustani ya Joubert Park aliiona kutoka juu tu: miti, wapiga picha, wanaume waliosimama kuuzunguka ubao mkubwa wa sataranji. Kidogo kidogo hamu ya chakula ikamtoka. Wali akaukataa, mchuzi akaukataa, hata uji. Bintiye alipomuuliza kwa machozi atamani nini, alijibu neno moja.

Basi kijana wetu mmoja, aliyekuwa Unguja kwa likizo, akapelekewa salamu. Alinunua madoriani mawili Darajani, akayafunga kwa magazeti na gunia, akapanda nayo boti hadi Dar es Salaam na kisha basi la kusini kupitia Tunduma. Wanaolijua doriani watakuwa wameshatabiri kilichofuata. Tunda hili halichumwi. Hungojwa lianguke lenyewe, aghalabu usiku, na tangu lianguke halina siku nyingi kabla halijapasuka. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni siku tatu, wakati mwingine nne. Siku ya pili, ndani ya Zambia, doriani la kwanza lilifunguka. Abiria walimtaka kijana ashuke yeye au lishuke tunda. Akaliacha kando ya njia, akalifunika la pili kwa koti lake. Hilo likafika hadi mpaka mmojawapo, na hapo afisa akalichukua na kuliteketeza mbele ya macho yake.

Tulikasirika. Hatuna sababu ya kuficha kwamba tulikuwa tumeanza kuandika makala ya namna nyingine kabisa, yenye maneno makali juu ya watu wasio na huruma na wagonjwa. Tuliyaacha baada ya mwenzetu mmoja aliyesomea kilimo kutuketisha na kutueleza habari za nzi wa matunda. Yuko nzi wa asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, naye akasambaa kwa kasi kubwa katika Afrika. Hutaga mayai ndani ya ganda la embe, pera au papai, na tunda huonekana zima mpaka ulipasue ukute funza. Mwaka 2010 alionekana kaskazini mwa Limpopo. Kufikia mwaka 2013 alikuwa amekwisha weka makao. Nzi wa aina hiyo husafiri mbali kwa kubebwa, ndani ya vikapu vya watu wenye mapenzi mema kama sisi. Afisa hana nafasi ya kutazama kama ndani ya gunia mna embe au doriani, wala kama linakwenda kwa mgonjwa. Tunda bichi lisilo na kibali halipiti. Embe tunazonunua kwa akina mama wa Noord Street kila kiangazi hutoka katika mashamba ambayo sheria hiyo inayalinda. Ilituuma kukiri, lakini tulikiri: tulimtuma kijana wa watu kufanya jambo ambalo hatukupaswa kumtuma, naye alilipa faini peke yake. Baadaye tulimchangia.

Doriani lilipatikana mwishowe, na lilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Katika duka moja la Wachina kule Cyrildene, Derrick Avenue, tulikuta pakiti za nyama ya doriani iliyogandishwa, kokwa zikiwa ndani, kutoka Thailand. Bei yake hatutaitaja. Tukapanda nayo ngazi za ghorofa saba. Bibi aliinusa kwanza, akafumba macho, akala vipande viwili, vya kwanza kwa siku kadhaa. Kisha akasema, "Ndilo. Lakini limelala."

Kilichobaki akawapa wajukuu. Mmoja alikimbilia bombani kusukutua, wa pili akaomba tena. Kokwa tatu Bibi akaziosha, akazifukia katika kopo la maziwa ya unga lenye udongo, akaliweka dirishani.

Hazikuota. Hatukuwa na moyo wa kumwambia tangu mwanzo kwamba haziwezi kuota. Kokwa ya doriani si kama punje ya mahindi uiwekayo ghalani mwaka mzima. Ikikaukiwa hufa, ikigandishwa hufa, na hata mbichi kabisa yataka ipandwe ndani ya siku chache tu. Na lau ingeota, mche ungefanya nini hapa? Johannesburg imekaa juu, kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai usiku hushuka hadi karibu na sifuri, jalidi huanguka, na hewa hukauka hata midomo ikapasuka. Mdoriani wataka joto na unyevu mwaka mzima, tena kwa miaka saba au zaidi kabla ya tunda la kwanza. Waliokuwa wakitawala mji huu walilielewa jambo hilo. Joubert Park ilitengwa mwaka 1887, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja, na mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga ndani yake nyumba ya vioo kwa ajili ya mimea ya nchi za joto. Nao walikuwa na matamanio yao, ila wao walikuwa na fedha za vioo.

Kopo tupu lilibaki dirishani. Bibi, ambaye hakupenda kitu kikae bure, akamwambia bintiye, "Basi nitafutie asumini."

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize kwa makini, kwani asumini inawezekana. Si ile itambaayo kwenye kuta za mji huu na kuchanua mwishoni mwa Agosti, yenye vichwa vya waridi. Hiyo asili yake ni China. Harufu yake ni njema na hutujulisha kwamba baridi inaondoka, lakini si yetu. Yetu ni ile nyeupe, fupi, nene ya petali, ifungukayo jioni. Wahindi huiita mogra. Ukienda Fordsburg au Lenasia ukauliza asumini utatazamwa tu. Uliza mogra, utaonyeshwa. Bintiye Bibi alipata tawi kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekataa kupokea fedha.

Bibi alilikata tawi lile vijiti vya urefu wa kiganja, kila kimoja na vifundo vitatu, akapogoa majani ya chini, akavichomeka katika mchanga uliochanganywa na samadi. Vinne vilishika kati ya saba. Kopo alilitoboa chini kwa msumari, na alikuwa mkali sana juu ya hilo, kwa kuwa asumini hupenda maji lakini hachukui kusimama ndani yake. Jambo ambalo hata yeye alilazimika kujifunza ni jua. Kwetu jua hupita utosini na upande wa nyumba si hoja kubwa. Huku, wakati wa baridi, jua huinamia kaskazini, na roshani inayotazama kusini haipati hata mwale mmoja. Roshani ya ghorofa ya saba ilitazama kaskazini. Alhamdulillahi.

Maji aliyomwagia yalikuwa ya udhu. Siku ambazo mabomba ya mji hukauka, nazo si chache, kila mtu wa nyumba ile alitawadha juu ya beseni, na beseni likaenda roshani. Maji yasiyo na sabuni hayaudhuru mmea. Kuanzia Mei makopo yaliingizwa ndani, yakapunguziwa maji, yakaachwa yapumzike. Mwezi wa Agosti Bibi aliyapogoa bila huruma, na Septemba yakatoka nje. Mvua za kiangazi zilipoanza, pamoja na ile ya mawe iliyotutoboa majani, vichwa vya kwanza vikatokea.

Jioni ile walituita. Bibi alivichuma kabla ya Magharibi, vikiwa bado vimefumba, kumi na kimoja, akavitunga kwa uzi na sindano pamoja na jani la rehani. Kikuba kidogo cha aibu, alisema mwenyewe: hakina mkadi wala langilangi, na waridi aliazima. Akambandika bintiye nyweleni. Usiku vilipofunguka, chumba kile chenye godoro tatu na jiko la umeme kilinukia kama nyumba yenye arusi. Kuhusu waridi tuseme ukweli hata kama unauma: la hapa hulishinda la kwetu. Hupenda baridi kavu, ukilipogoa Julai hulipiza kwa kiangazi kizima. Nao wanaolilia shokishoki wasikate tamaa, wangoje Desemba, lichi zishuke kutoka Limpopo na Mpumalanga. Ni jamaa wa ukoo mmoja, japo hazina nywele.

Rehani ndiyo nyepesi kuliko yote. Mbegu zake hupandwa Septemba, zikifika kiganja unakata kichwa ili zitawanyike, na maua unayatoa kila yatokeapo. Imetajwa katika Qur'ani Tukufu, na imepokewa kwamba mtu akipewa asiikatae. Kasoro yake ni moja: jalidi la kwanza huiua.

Bibi alifariki mwezi wa Julai, usiku wa baridi kali. Asumini ilikuwa imelala, haina hata kichwa kimoja. Rehani zote za roshani zilikuwa zimekuwa nyeusi, isipokuwa ya kopo moja, lile la maziwa ya unga, ambalo mjukuu alikuwa amelisahau jikoni karibu na jiko. Akina mama walilichuma lote. Vijana wanane walimteremsha Bibi ngazi zile saba, wakipokezana. Mkwewe alikwenda makaburini na majani yale katika mfuko wa koti, akayaweka juu ya udongo kama ifanywavyo pwani. Twajua wapo wanaolijadili jambo hilo. Leo hatumjadili mtu.

Asumini ya Bibi sasa imefika kimo cha mtoto wa miaka mitano, nayo yahitaji kupogolewa. Bintiye ameahidi vijiti kwa kila nyumba itakayo. Watakaotaka waje Jumamosi baada ya Alasiri, ghorofa ya saba, lifti bado. Kila mtu aje na kopo lake, na liwe limetobolewa chini, lisilotobolewa halitapokelewa.