Jicho Zima Mbele ya Leza

Bima ya afya ya Jimbo la Ontario, nchini Kanada, ijulikanayo kwa jina la OHIP, humlipia mkaazi wa mji wa Mississauga gharama za msingi za kuondolewa mtoto wa jicho, walakini haimlipii hata senti moja yule anayetaka kurekebishwa macho kwa leza ili aachane na miwani. Wako waonao kuwa huo ni uchoyo wa serikali. Mimi naona ni ufafanuzi mzuri wa jambo lenyewe. Mtoto wa jicho ni maradhi, na asiyetibiwa aweza kuishia gizani. Mwenye miwani ana jicho lenye siha, ambalo upungufu wake hutimizwa na vipande viwili vya kioo kila aamkapo asubuhi. Basi anayelala chini ya leza hutoa kiungo kisicho na ugonjwa kikatwe kwa hiari yake, na tofauti hiyo yafaa itangulie mbele ya maswali mengine yote: kungoja hakumdhuru, na maadamu hakumdhuru, hana udhuru wa kuharakisha.

Wala sisemi kwamba haja hiyo ni ya upuuzi. Aliyekaa na miwani miaka ishirini ajua taabu ya kupanda basi la MiWay mwezi wa Januari, akitoka katika baridi kali na kuingia penye joto, vioo vikafunikwa na mvuke ghafula hata asijue kiti kilicho tupu ni kipi. Na aliyelelewa Mombasa au Unguja akumbuka miwani ikiteleza puani kwa jasho, na ile desturi ya kuivua kila anaposujudu na kuipapasa tena kila anapoinuka. Taabu hizo ni ndogo, lakini ni za kila siku, na za kila siku ndizo zimchoshazo mtu.

Jicho huona sawasawa pale nuru inapopindwa kwa kadiri ipasayo ikatua juu ya utando wa nyuma uitwao retina. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kiasi cha thuluthi mbili, hufanywa na konea, kile kioo cha mbele kilicho angavu, ambacho unene wake katikati ni nusu milimita na kidogo zaidi. Asiyeona mbali aghalabu jicho lake ni refu kupita kiasi, na nuru hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina. Na kwa kuwa urefu wa jicho haupunguziki, tabibu hupunguza mbinuko wa konea. Katika njia iitwayo LASIK, jicho hutiwa matone ya ganzi na kope huzuiwa zisifumbe, kisha leza ya kwanza hukata tabaka jembamba la juu, likafunuliwa upande mmoja mfano wa ukurasa wa kitabu. Leza ya pili hupunguza sehemu iliyo chini yake, kazi ambayo kwa kawaida haifiki dakika moja, na mgonjwa husikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Mwisho tabaka hurudishwa mahali pake, likashika lenyewe bila ya uzi. Katika njia ya zamani zaidi, PRK, hakuna tabaka linalofunuliwa: ngozi ya juu kabisa ya konea huondolewa, nayo huota upya kwa siku chache zenye maumivu ya kweli.

Hapa ndipo hesabu inapomhukumu mtu kabla ya matamanio yake. Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi, yaani sehemu 540 za elfu ya milimita. Tabaka lifunuliwalo huchukua kiasi cha 110, na kila diopta moja, kipimo cha nguvu ya miwani, huondoa nyingine 15 au pungufu kidogo, ilhali matabibu hutaka chini ya tabaka hilo zisalie si chini ya 250, jicho lisije likalegea na kufura mbele. Mwenye diopta tatu ana nafasi tele. Mwenye diopta nane na konea iliyozaliwa nyembamba amefika ukingoni, na tabibu mwaminifu atamwambia arudi nyumbani na miwani yake, au atamwelekeza kwenye njia nyingine kama ile ya kutiwa lenzi ndani ya jicho.

Fauka ya unene huangaliwa umbo. Kuna maradhi yafanyayo konea ichongoke na kukonda taratibu, nayo hufungamana sana na tabia ya kusugua macho. Na katika nchi zetu za joto na vumbi wako watoto wengi ambao macho huwawasha mwaka hata mwaka, wakayasugua mpaka yakawa mekundu. Aliyekulia katika hali hiyo amwambie mpimaji bila ya kuulizwa, kwa sababu leza juu ya konea iliyokwisha anza kuchongoka huharibu palipokuwa na uzima. Mwenye mimba au anyonyeshaye hungoja, na kadhalika mwenye kisukari kisichotulia, na kijana ambaye namba ya miwani yake ingali ikipanda.

Yafaa pia kusema wazi mintarafu ya madhara. Katika uchunguzi uliosimamiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, zaidi ya watu 95 katika kila 100 waliridhika na uoni wao mpya, na hiyo ni shahada kubwa. Walakini katika wale ambao kabla yake hawakuwa na ukavu wa macho, hadi 28 katika 100 waliuhisi miezi mitatu baadaye, na katika wale ambao hapo awali hawakuwa wakiona duara za nuru na vivuli, hadi 46 katika 100 waliona angalau kimojawapo. Waliotatizwa sana katika shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo za uoni hawakufika mmoja katika 100. Ukavu huja kwa kuwa mishipa ya fahamu ya konea imekatwa, na kwa kawaida hupungua kadiri inavyoota tena. Lakini anayeishi Mississauga, ambako nyumba hupashwa moto miezi mitano au sita na hewa ya ndani hukauka kabisa, na anayeendesha lori usiku katika barabara ya 401, wana sababu ya kuyapima hayo kwa uzito kuliko karani akaaye Tanga.

Mji huu wa Mississauga nao una haki yake katika tarikhi ya jambo lenyewe. Tabibu José Ignacio Barraquer alikuwa amekwisha kutangaza mwaka 1949 wazo la kuchonga konea ili kubadili uoni, lakini kisu cha nuru kilipatikana Novemba 1981, pale Rangaswamy Srinivasan, mtaalamu wa asili ya Kihindi katika maabara ya IBM jimboni New York, alipojaribu leza yake juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, akaona kwamba imekata pasipo kuunguza. Marekani haikuruhusu leza hiyo kwa macho ya watu wote mpaka 1995. Kanada ilitangulia, na Wamarekani wakawa wakivuka mpaka kuja kutibiwa. Katika mwanya huo ilizaliwa kampuni ya TLC, iliyofungua kituo chake cha kwanza mwaka 1993 mjini Windsor, ng'ambo tu ya Detroit, ikaweka makao yake makuu hapa Mississauga, ikatapakaa Amerika ya Kaskazini, na kumpasua macho hata mcheza gofu Tiger Woods mwaka 1999. Basi tangu utoto wake tiba hii ilikuwa pia biashara, yenye matangazo na takhfifu za bei, na aiendeaye huwa mgonjwa na mnunuzi kwa wakati mmoja.

Kwa ajili hiyo ni bora ushauri wa kwanza utoke kwa asiyefaidika na jibu. Tangu 2004 mtu mzima wa miaka 20 hadi 64 asiye na maradhi maalumu hulipa mwenyewe kupimwa macho Ontario, ilhali vituo vingi vya leza humpima bure; hata hivyo ningependa kulipa kwanza kwa mpima macho anijuaye miaka mingi (ingawa naye, kwa insafu, huuza miwani), kisha ndipo niende kwenye kile cha bure. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa aghalabu ni ya namba ndogo za miwani. Ya mtu wa kawaida hufika dola elfu kadhaa kwa macho mawili, ingawa sheria ya kodi ya Kanada huruhusu ziandikwe miongoni mwa gharama za matibabu.

Umri ndio jambo ambalo watu hulidharau mno. Kufikia miaka arobaini na kitu lenzi ya ndani ya jicho huwa ngumu, nayo leza ya konea haiilainishi. Mtu wa miaka 47 asiyeona mbali ana neema asiyoihesabu: akivua miwani, husoma gazeti na kutia uzi katika sindano. Akifanyiwa LASIK, ataona ndege zikishuka uwanja wa ndege wa Pearson kutoka mbali, na jioni ile ile atatafuta miwani ya kusomea. Hutolewa shauri la kurekebisha jicho moja kwa mbali na kuliacha la pili kwa karibu; baadhi huzoea, wengine huona kizunguzungu, na njia ya kujua ni kujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaliwa machoni. Fundi cherehani au mhasibu wa umri huo, lau angeniuliza, ningemwambia abaki na miwani yake.

Kwa wanawake wetu walioamua kufanyiwa, wanja huachwa siku kadhaa kabla ya upasuaji. Baadaye maji ya bomba yasiingie machoni kwa muda atakaotaja tabibu, na hilo hugusa udhu mara tano kwa siku. Dini imekwisha kumwekea mgonjwa ruhusa ya kutayamamu pale maji yanapomdhuru, na namna yake aulizwe shehe mapema. Ramadhani nayo haizuii matone: katika madhehebu ya Shafi, yaliyo ya watu wengi wa pwani, jicho halihesabiwi tundu liendalo tumboni.

Limebaki moja, nalo hutokea miaka mingi baada ya furaha. Konea iliyopunguzwa huifanya presha ya jicho isomeke chini kuliko ilivyo, na maradhi ya presha ya macho huwapata watu wa asili ya Kiafrika zaidi na mapema kuliko wengi wengine. Tena jicho refu lina hatari yake ya presha na ya kubanduka retina, ambayo leza haikuigusa hata kidogo. Siku ya kutolewa mtoto wa jicho, vilevile, tabibu atahitaji kujua konea ilikuwaje kabla ya kuchongwa ili achague lenzi iliyo sawa. Kampuni ile ya TLC, pamoja na ukubwa wake, iliomba himaya ya mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 2009, na wenyeji wa Mississauga nao ni watu wa kuhamahama, leo Kanada, kesho Dubai au Dar es Salaam. Kwa hiyo nakala ya vipimo vya kabla na vya baada iombwe siku ile ile ya upasuaji, iwekwe pamoja na pasipoti na vyeti vya kuzaliwa.