Kutembea kwa mawazo kabla ya kutembea kwa miguu

Huku kwetu Masisi na Walikale, mtu asiyeweza kutembea anategemea mama wa nyumba kwa kila kitu: kuinuliwa, kuogeshwa, kupelekwa nje. Na siku risasi zinapolia na watu wanakimbia, yeye anabebwa mgongoni ao anabaki.

Wengi wamefika hapo kwa ugonjwa ambao waganga wanaita AVC. Mshipa wa damu katika ubongo unaziba ao unapasuka. Wengine bado wanasema ni sumu! Mguu wenyewe haukuharibika. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouamuru.

Wafundi wa mazoezi ya viungo, wale tunaita wakine, ni wachache vijijini. Lakini kuna zoezi moja lisiloomba franka: kuwaza mwendo. Mtu anapowaza kwamba anatembea, sehemu nyingi za ubongo zinazotumika katika kutembea kweli zinaamka. Sisi walimu tunafanya jambo la karibu na hilo: mtoto anaandika herufi hewani kabla ya kushika kalamu.

Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mgongo, mahali patulivu, afunge macho. Achague njia anayoijua, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Asijione kama anatazama sinema ya mtu mwingine. Ajisikie ndani ya mwili wake mwenyewe. Umuulize polepole: Goti limekunjika? Kisigino kimegusa chini? Udongo ni mkavu ao ni matope? Uzito sasa uko mguu gani? Dakika 10 zinatosha, maana kuwaza hivyo kunachosha kweli.

Kisha zifuate hatua za kweli, kama muganga amekubali asimame, na msaidizi akae upande uliolegea. Mawazo peke yake hayatoshi. Mwaka wa 2020, watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti 21 zenye wagonjwa 762: zoezi hili linaweza kuongeza mwendo, lakini walisema ushahidi bado ni dhaifu sana. Basi asitokee mtu wa kuliuza kama muujiza.

Wagonjwa wengine hawawezi kuwaza hivyo, kwa sababu ya mahali ubongo ulipoumia. Usiwalazimishe.

Dawa ya tansio isiachwe. Mdomo ukipinda ao mkono ukilegea tena, ni hospitali saa ileile. Na katika kikundi, wamama wapeane zamu ya kumsaidia mgonjwa, maana mwenye nyumba naye ana shamba.