Jino Lisilouma Kabla ya Kupandikizwa Seli Shina
Mgonjwa anayeandaliwa kupandikizwa seli shina hupaswa kumwona daktari wa meno hata kama haumwi popote. Jino lenye maambukizi mzizini laweza kukaa kimya miaka mingi, kwani chembe nyeupe za damu huyadhibiti. Dawa kali zitolewazo kabla ya upandikizaji huziangamiza chembe hizo. Bakteria huweza kuingia katika damu, na kwa kuwa usaha na uvimbe huwa haba, dalili pekee yaweza kuwa homa. Kwa hiyo jino lisilotibika hung'olewa mapema, ikiwezekana siku 10 hadi 14 kabla ya dawa hizo, ili kidonda kipone. Mswaki laini uendelee kutumika. Kuuacha kwa kuogopa fizi kutoka damu huwalisha bakteria walewale.