Mavazi ya Mazoezi Wakati wa Joto: Jasho Si Kipimo cha Mafuta

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, si ajabu kumwona mkimbiaji aliyevaa koti zito au plastiki chini ya fulana, akiamini kuwa jasho jingi ni mafuta yanayoyeyuka. Uzito unaopungua hivyo ni maji, nao hurudi mara mtu anywapo.

Jasho huupoza mwili linapogeuka mvuke juu ya ngozi, si linapotiririka. Hewa yenye unyevu huchelewesha ukaukaji huo. Vazi lisilopitisha hewa huuzuia, na joto la ndani hupanda. Mwaka 1997, wanamieleka 3 wa vyuo nchini Marekani walifariki dunia wakijipunguza uzito kwa mazoezi ndani ya mavazi ya namna hiyo.

Vazi linalofaa ni jepesi, pana na la rangi isiyokoza. Pamba hunyonya jasho lakini hukawia kukauka, hivyo fulana iliyolowa ibadilishwe. Kofia pana na mikono mirefu huikinga ngozi, hasa ya mtu mwenye ualbino. Avaaye hijabu achague kitambaa chembamba.

Mhudumu wa afya amtahadharishe mgonjwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo, kwani hupungukiwa maji upesi. Akipata kizunguzungu au kichefuchefu, aache mazoezi, akae kivulini, alegeze nguo na kunywa maji. Mtu akichanganyikiwa au kuzimia, asinyweshwe kitu. Amwagiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.