Mwanafunzi Aanze, Mashine Ifuate

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwagawa wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari nchini Uturuki katika makundi matatu ya kufanyia mazoezi ya hisabati. Kundi la kwanza lilibaki na vitabu na madaftari. La pili lilipewa programu ya kawaida ya akili mnemba, ile ya kuuliza na kujibiwa. La tatu lilipewa programu iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu: haimpi mwanafunzi jibu, inampa dokezo, na inayafahamu makosa ambayo wanafunzi huyafanya mara kwa mara. Wakati wa mazoezi kundi la pili liliwapita wa vitabu kwa asilimia 48, na la tatu likawapita kwa asilimia 127. Kisha mashine zikaondolewa, ukafanyika mtihani. Waliozoea kupewa majibu walipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wa vitabu. Waliopewa madokezo wakalingana nao.

Kinachonisumbua zaidi si hizo asilimia. Ni kwamba walioumia hawakujua kuwa wameumia. Waliamini wamejifunza sawa na wenzao. Kujitambua, ikiwemo mtu kujua anachokijua na asichokijua, ni mojawapo ya stadi 10 za maisha ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likihimiza zifundishwe shuleni tangu miaka ya 1990. Orodha hiyo ina pia kufikiri kwa kina, kufanya uamuzi, kuelewana na wengine na kujali hisia zao. Kwa hiyo nasema wazi: stadi hizi zisitengewe kipindi cha peke yake, akili mnemba ikafundishwa kivyake. Ziwe ndani ya kipindi kilekile, kwa kazi ileile.

Stadi hizi zikifundishwa kivyake, tumeshaona yanayotokea. Kenya iliwahi kuzipa stadi za maisha nafasi yake kwenye ratiba, lakini hazikutahiniwa, na mara nyingi kipindi hicho kiliishia kumalizia silabasi ya masomo yenye mtihani. Siwalaumu walimu. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa darasa lake atafundisha kinachopimwa.

Kazi ya pamoja inaweza kuwaje? Kwanza mwanafunzi aelewe mashine inavyofanya kazi, na hilo halihitaji hisabati ngumu. Programu hizi zimepitishwa kwenye maandishi mengi mno, zikajifunza kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata lililotangulia. Ndiyo maana sentensi zake hunyooka hata habari inapokuwa ya uongo. Na palipoandikwa machache, kukisia huzidi.

Sasa chukua darasa la Kidato cha Pili lenye kompyuta moja kwa wanafunzi wanane. Mwalimu anauliza: soko letu lilianzaje, na kabla yake pale palikuwa na nini? Kompyuta ibaki imezimwa. Kila mmoja aandike kwa mkono anachokijua, hata kama ni mistari miwili. Kisha wakubaliane swali watakaloiuliza mashine. Kwa kuwa kompyuta ni moja, itabidi wabishane, wasikilizane na mmoja wao akubali swali lake liachwe. Jibu likija, waliandike.

Jioni waende kwa wazee. Hapa ndipo ninapoiona faida kubwa kuliko yote. Mzee hana kitufe cha kubonyeza. Ataamkiwa shikamoo, ataitikia marahaba, kisha atauliza, “Wewe mtoto wa nani?” Ataanza na mafuriko ya zamani, ataingia kwenye habari za shemeji yake, na soko atalifikia baadaye. Mtoto lazima avumilie, asikilize, aulize tena bila kumkosea adabu. Halafu mzee wa pili atasema tofauti kabisa na wa kwanza. Mtoto afanyeje? Amwamini nani, kwa sababu gani, na ataiandikaje tofauti hiyo bila kumvunjia heshima yeyote? Siku ya pili darasani wanaweka maelezo yao, ya mashine na ya wazee pamoja, wanaamua wako tayari kusimamia lipi mbele ya watu, na kila mmoja anaeleza alichokuwa amekosea mwanzoni.

UNESCO ilipotoa miongozo yake ya umahiri wa akili mnemba mwaka 2024, mmoja kwa wanafunzi na mmoja kwa walimu, yote miwili ilitanguliza mtazamo unaomweka binadamu mbele ya mbinu za kiufundi. Mpangilio huo ni sahihi, ila hautafika darasani mwalimu asipopata mafunzo na muda.

Wapo wanaosema stadi za maisha hazipimiki. Mradi wa ALiVE umewapima vijana wa miaka 13 hadi 17 nchini Kenya, Tanzania na Uganda katika utatuzi wa matatizo, ushirikiano, kujitambua na heshima. Uliwafuata majumbani, ukawapa visa vya kujadili na kazi za kufanya. Upimaji wa namna hiyo unataka muda na watu waliofunzwa, lakini unawezekana.

Shule haihitaji kusubiri mtaala mpya ili ianze. Alama za kazi hii zinaweza kugawanywa kuanzia muhula ujao: sehemu kwa maandishi ya mkono yaliyotangulia mashine, sehemu kwa makosa ya mashine ambayo kundi liliyabaini na kuyathibitisha, na sehemu kubwa kuliko zote kwa mwanafunzi kusimama bila karatasi wala simu, akaeleza alifikiaje jibu lake na kujibu maswali ya wenzake.